Samli Isiyoliwa

Mbwa anayelala mlangoni kwetu hana jina. Sikio lake moja lililiwa na wenziwe zamani, na kazi yake duniani ni kula. Nimemwona akila gunzi la mahindi. Nimemwona akila kandambili. Siku moja, na unisamehe kama unasoma huku unakula, nilimwona akirudia alichokitapika mwenyewe, na sakafu akailamba. Basi mbwa huyo aliwekewa kijiko kizima cha samli juu ya jani la mgomba. Akanusa. Akanitazama, akalitazama tena lile jani, kisha akaenda zake kulala kivulini.

"Umeona, Rajyam?" dada Seshamamba akaniambia. "Hiki ndicho wanachotaka kumlisha Mungu."

Seshamamba si dada yangu wa tumbo moja. Yeye ni mke wa Avadhani, nami niliolewa na mdogo wake Avadhani, ambaye sasa ni marehemu. Tumeishi nyumba moja miaka thelathini na mitatu, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Hapa kijijini kwetu, kwenye mifereji ya mto Godavari, ukiuliza nyumba yetu utaambiwa, "Aa, kwa Avadhani mtunza moto." Na mimi kila nikisikia hivyo roho hunichafuka, kwa sababu Avadhani hajatunza kitu.

Moto wenyewe uko kwenye chumba kidogo cha mashariki, ndani ya shimo la udongo. Ulipekechwa kwa vijiti miaka arobaini na sita iliyopita, Seshamamba akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na tangu hapo haujazimika. Jua likichomoza na jua likizama, Avadhani hukaa mbele yake, mke kando yake, akamimina maziwa na samli, akasema maneno yake. Kazi yote hiyo haizidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Yaliyobaki ni ya mke. Ng'ombe wawili ni wake, kuwakamua na kuwaosha. Mavi yao anayakanda kwa mikono, anayabandika ukutani yakauke, ndiyo kuni za moto huo. Maziwa anayagandisha mtindi, mtindi anausukasuka, siagi anaiyeyusha polepole mpaka itoe samli ya rangi ya asali. Msimu wa mvua, vibanzi vya mavi vikikataa kukauka, hulala navyo chini ya kitanda. Mikono yake ina makovu ya moto mpaka viwikoni, na sijapata kumsikia akilalamika.

Moto huo haupikiwi. Hata kiazi kimoja. Kwetu moto ni kinywa cha miungu, na unachokitia ndani ni chakula cha mgeni mkubwa kuliko wageni wote, kwa hiyo humo hutii usichoweza kukila wewe mwenyewe. Na kila ukimimina, mara tu baada ya kumimina, husema, "Hii si yangu." Ibada yote iko hapo. Unaleta kilicho bora nyumbani kwako, na kabla hakijakwisha kuungua umeshakikana. Anayeweza kusema hivyo kwa dhati hana haja ya hekalu, na asiyeweza, hata apige kengele mpaka zipasuke, anajisumbua bure.

Kuna sharti jingine, na hilo lilimwangukia Seshamamba peke yake. Mke wa mtunza moto jua lisimzamie nje ya kijiji. Mpaka wetu ni daraja la mfereji, pana jiwe limepakwa rangi nyekundu. Jua likizama yeye akiwa ng'ambo ya jiwe lile, moto wa nyumbani hauzimiki, la, unaendelea kuwaka, ila unakuwa moto tu, kama wa jikoni kwa mtu yeyote. Kwa hiyo kijiji kizima kilimsaidia kulinda. Akionekana alasiri karibu na mfereji, awe ni mwuza samaki au mtoto wa shule, atamwambia, "Mama, jua." Miaka arobaini na sita anaambiwa, "Mama, jua." Mama yake mzazi alikata roho jioni moja katika hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Seshamamba alikuwa ameshinda naye mchana, akaondoka saa tisa ili awahi mpaka. Kesho yake asubuhi ndipo aliporudi, akakuta maiti.

Niliwahi kumwuliza anapata nini. Akanijibu huku anakanda mavi, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao kama kawaida yake, "Mimi nikifa kabla ya Baba Phani, nitachomwa na moto huu huu. Nimeulisha maisha yangu yote, siku moja nao utanila mimi. Hapo tutakuwa hatudaiani." Akaniangalia kama anaona haya. "Ndiyo maana nauchagulia chakula, Rajyam. Ndilo tumbo nitakaloingia."

Sasa Gavarraju.

Gavarraju ana mabwawa ya kufugia kamba upande wa kusini, na tangu kamba wamtajirishe amekuwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Zamani hekalu letu lilinukia kafuri na maua. Siku hizi kuna foleni mbili, ya wenye tiketi wanaomwona Mungu kwa karibu, na ya sisi wengine tunaoona visogo vyao. Maziwa wanayomwogeshea Mungu yanatokea kwenye bomba la nyuma, yanaingia mtaroni pamoja na maua yaliyooza na mifuko ya plastiki, na nzi wa pale wamenona mpaka hawaruki. Nikipita huziba pua kwa pindo la sari. Najua ni dhambi kuziba pua nyuma ya hekalu, lakini dhambi nyingine hutafutwa na pua yenyewe.

Gavarraju alikuja kwetu wiki ya pili ya mwezi, mdomo umejaa tambuu, akatema ukutani, pale pale vilipobandikwa vibanzi vya dada. Akasema kamati imeamua kufanya ibada kubwa ya moto, mimino elfu moja na nane, na moto utatoka kwa Avadhani. Nusu ya makaa yataenda hekaluni kwa ngoma, na ibada ikiisha yatarudishwa yachanganywe na yaliyobaki.

"Baba, watu hawajui kama tuna lulu hapa," alimwambia Avadhani. "Nitakuweka kwenye bango. Utavikwa shali mbele ya wilaya nzima."

Avadhani alinyoosha mgongo. Ana miaka sabini na mitatu, na sikuwahi kumwona akinyoosha mgongo namna ile.

Bango lilitundikwa kwenye njia panda kabla hata samli haijaletwa. Uso wa Gavarraju ulikuwa mkubwa kama mlango. Mungu alikuwa juu pembeni, kiasi cha sahani. Avadhani alikuwa chini, kiasi cha stempu.

Samli ikaja siku mbili kabla ya ibada, makopo ishirini, kila kopo lina picha ya ng'ombe mwenye shada la maua shingoni. Dada alivaa miwani, akaligeuza kopo mpaka akaona maandishi chini, madogo kama mayai ya chawa: Kwa ibada tu. Isiliwe. Akasoma mara mbili. Ndipo akachukua jani la mgomba akamwita mbwa, na mbwa nimeshakueleza.

Hakuridhika. Akamimina kidogo kwenye kikaango, jikoni, akakiweka motoni. Sijui walitia nini humo. Kulitoka harufu ya nywele zinazoungua, halafu ya mshumaa, halafu ya kitambaa kilichofutia mafuta ya gari, na chini kabisa kuna kitu cha mnyama aliyekufa siku nyingi. Nilikimbilia uani nikatapika. Sisi ni nyumba isiyokula nyama, hata yai halijapata kuvuka kizingiti.

Jioni hiyo Gavarraju akaja kufundishwa maneno, maana yeye ndiye atakayekuwa mwenye ibada, na mwenye ibada ndiye anayesema. Dada alimngojea na kopo mkononi.

"Baba Gavarraju, umeisoma hii?"

"Mama, hiyo ndiyo wanayotumia mahekalu yote siku hizi."

"Imeandikwa isiliwe."

"Si ya kula, ni ya Mungu."

"Kwa hiyo Mungu hali, au Mungu haumwi na tumbo?"

Gavarraju akacheka, meno mekundu. "Mama, nitapata wapi samli ya kweli ya mimino elfu?"

"Ninayo chupa moja. Mimineni tone tone. Matone elfu na nane yatatosha."

"Tone haliinui moto, Mama. Moto mdogo hauonekani kwenye picha."

Akakaa chini na Avadhani kuanza masomo. Maneno yale ni ya lugha ya kale, na katika lugha hiyo ile "si" ni herufi mbili tu, unameza mate tu, imepita. Avadhani akasema, "Hii si yangu." Gavarraju, tambuu shavuni, akasema, "Hii yangu."

"Hii *si* yangu."

"Ndiyo. Hii yangu."

Walirudia mara nane. Mimi nilikuwa nachambua mchele nyuma ya mlango, na mwanzoni nilicheka. Mara ya nane sikucheka tena. Avadhani akapangusa uso, akasema, "Inatosha, baba, Mungu anaelewa."

Gavarraju alipoondoka, dada alimfuata mumewe chumba cha moto. Chumba hicho hakina mlango, nilisikia yote.

"Baba Phani, usiupeleke."

"Mungu anaangalia moyo."

"Basi mpelekee moyo, uliache kopo."

"Nimeshaahidi."

"Umeahidi kisicho chako. Moto utarudi hapa umeshiba uozo ule, uchanganywe na wangu. Kisha siku yangu ikifika unitie humo?"

Avadhani akasema kitu ambacho nadhani ndicho kilichokuwa kikimuumiza zaidi. "Miaka arobaini na sita nimekaa na moto huu gizani, hakuna aliyeniona. Acha nionekane mara moja."

"Umekaa nao?" dada akasema, taratibu kabisa. "Mavi ya ng'ombe wewe umeyagusa lini, kama si kwa kuyakanyaga?"

Na mimi nyuma ya mlango wangu nilimchukia shemeji yangu, nikachukia na mchele niliokuwa nimeushika.

Kesho yake, siku moja kabla ya ibada, kiasi cha saa kumi na moja jioni, dada alioga, akavaa sari ya kijani ambayo huitoa kwa harusi tu. Akaja chumbani kwangu.

"Rajyam, nisindikize."

"Wapi?"

"Kwa Appanna."

Appanna ni fundi baiskeli, huuza na sabuni na viberiti. Kibanda chake kiko ng'ambo ya daraja, hatua kumi kupita jiwe jekundu. Nilielewa pale pale. Nilimwambia, "Dada, fikiri." Akasema amefikiri usiku kucha, na kama naona uzito nibaki. Nikavaa kandambili.

Alivuka jiwe bila kusimama. Appanna alikuwa ameshika tairi ndani ya karai la maji anatafuta pancha. Alipotuona alitazama angani kwanza.

"Mama, jua."

"Ninaliona, mwanangu."

"Mama, limebaki kidogo. Nikupakie kwenye baiskeli? Nitakufikisha sasa hivi."

"Nipe benchi nikae."

Akatandaza gunia juu ya benchi. Dada akakaa ameelekea magharibi, mikono mapajani. Upande wa pili wa mfereji walikuwa wanajaribu kipaza sauti cha hekalu, tukasikia jina la Gavarraju, jina la mkewe, majina ya wanawe watatu, wote wanaomtolea Mungu. Appanna alisema "Mama, jua" tena, kwa sauti ya kuomba, halafu akainamia karai lake. Aliona aibu kututazama, kana kwamba tunavua nguo.

Jua likaingia nyuma ya minazi. Nilidhani atasema neno kubwa. Akasema, "Kumbe huku linazama vile vile." Baadaye kidogo akasema, "Mama yangu alikufa saa kama hizi," akainuka, tukarudi.

Avadhani alikuwa amekaa mbele ya moto, upawa mkononi, maziwa yameshatanda ngozi. Alikuwa amemngoja. Alimtazama mkewe, akatazama sari ya kijani, akatazama vumbi la barabara kuu miguuni mwake. Akauweka upawa chini, asimimine.

Asubuhi Gavarraju alifika na ngoma na tarumbeta, na sufuria mpya ya shaba ya kubebea makaa. Kijiji kizima kilikuwa kimeshajua, maana Appanna ana mke. Nami nitasema ukweli, Avadhani alijaribu. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, moto umevunjika. Jua limemzamia mke wangu ng'ambo."

Gavarraju akachungulia ndani juu ya bega lake. "Unawaka?"

"Unawaka, lakini ni moto wa kawaida tu. Sasa hata kahawa unaweza kuchemshia."

"Baba, moto ni moto. Kwenye picha utaonekana tofauti?"

Nilimtazama Avadhani, nikawa namwombea kimya kimya ageuke arudi ndani. Watu walikuwa wanangoja, ngoma zinangoja, shali inangoja. Akainama akachota makaa. Nilitema mate chini, mbele ya watu wote, na sijutii.

Nikadhani basi angalau watu hawataenda. Walienda. Wale wale waliokuwa wakimwambia "Mama, jua" walipita mlangoni kwetu wamevaa nguo mpya, wanakwepa macho yetu. Saa tatu moshi ukaanza kuja, mweusi, mzito, unashika ukutani. Ukaleta ile harufu. Na juu ya moshi sauti ya Gavarraju kwenye kipaza sauti, inarudia na kurudia, "Hii yangu. Hii yangu. Hii yangu," na umma unaitikia. Walipaka majivu yale kwenye paji la uso wa watoto wao. Nasikia kinyaa mpaka leo nikikumbuka wale watoto.

Dada aliingia chumba cha moto na sufuria ndogo ya kahawa. Nilisimama kizingitini. Aliyafukua makaa yaliyobaki, akaweka mawe matatu, akateleka. Moto ule ulichukua sufuria kama moto wowote. Maji yalipoanza kuchemka ndipo alipolia, bila sauti, machozi yanaingia kwenye makovu ya mikono. Nikataka kumshika, akanionyesha kwa kichwa niende nikalete vikombe.

Tulikunywa. Ilikuwa kahawa nzuri.

Adhuhuri Avadhani akarudi, shali ya rangi ya dhahabu begani. Akaenda kisimani akanawa mikono kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa ndimu. Alinusa vidole vyake, akanawa tena. Halafu akaja akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha moto, akayaona mawe matatu na sufuria.

"Na siku ukifa," alisema, "nikuchome kwa moto gani?"

"Viberiti vinauzwa kwa Appanna."

"Seshamamba." Miaka thelathini na mitatu sikuwahi kumsikia akimwita mkewe jina. "Tunaweza kuanza upya. Vijiti vipo. Tutapekecha."

"Pekecha," dada akasema. "Na mavi ukakande."

Avadhani akaitazama mikono yake. Dada akapita kando yake, akaingia ghalani akatoa ile chupa ya samli, ile ambayo ingetosha matone elfu na nane. Akatoka nayo mlangoni. Alikata jani jipya la mgomba, akaweka bonge la wali wa moto, akamimina samli juu yake yote, mpaka chupa ikawa inatoa matone, akaigonga chini.

Mbwa alisimama kabla hajaitwa.

"Hii si yangu," dada akamwambia, akamwekea.

Alikula wali, akala samli, akalilamba jani mpaka likachanika.